Mgeni wa Ma Edvina

Ma Edvina alikunja miguu kumpisha mtu, na hapakuwa na mtu.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua limewaka juu ya migomba ya Nshamba. Kikongwe alikuwa ameketi mkekani sebuleni, miguu ameinyoosha, rozari mkononi. Mkwe wake Elieth alikuwa mlangoni akimenya ndizi za jioni. Akamwona Ma anaivuta miguu chini ya kitenge, anasubiri kidogo, kisha anainyoosha tena taratibu.

"Umempisha nani, Ma?"

"Huyu aliyeingia chumbani."

Elieth aliweka kisu chini, akaenda kuchungulia chumbani. Kitanda, sanduku, picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, basi. Akarudi.

Ma Edvina alikuwa haoni. Presha ya macho ilikuwa imemmaliza miaka miwili iliyopita, jicho la kulia kwanza, la kushoto likafuata. Kwa hiyo kusema kwamba ameona mtu lilikuwa jambo la kushangaza, ila si kwa Elieth. Elieth alifundisha saikolojia katika chuo kimoja cha ualimu mjini Bukoba, alikuwa na nyumba nzuri Kahororo, na alikuwa na jibu la kila kitu. Watu wa namna hiyo wanachosha kidogo, lakini ukweli usemwe, alimpenda mama mkwe wake kuliko wakwe wengi wanavyopenda, na likizo yake yote alikuja kuitumia pale akimpikia.

"Yukoje huyo mtu?"

"Mrefu. Kanzu nyeupe, koti juu, kama anakwenda kuposa. Uso ndio siupati. Nikiutazama unahama."

"Ulianza kumwona lini?"

"Ni siku nyingi, mwana wange. Niliogopa kusema. Mtasema Ma kachanganyikiwa."

Elieth akaketi mkekani, akamshika mkono, akaingia darasani. "Sikiliza, Ma. Jicho halioni. Jicho linapeleka habari tu, anayeona ni ubongo. Habari zisipofika, ubongo haukubali kukaa bure, unajichorea picha zake wenyewe. Wazee wengi waliopofuka wanaona watu, wengine wanaona ng'ombe sebuleni. Si kichaa na si uchawi."

"Na watu hao wanasema?"

"Hawasemi. Hawanuki, hawagusiki. Picha tu. Ukiwaogopa ndipo wanapokusumbua. Akija, msalimie yaishe."

"Nikimsalimia itabidi nimpe akamwani."

Elieth akacheka. "Mpe basi. Tuone atatafunaje."

Kwa asiyejua, akamwani ni kahawa inayotafunwa. Inachumwa kabla haijaiva sana, inachemshwa na majani ya kunukia, inakaushwa. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya anapewa hiyo kwanza. Mwenye nyumba anatangulia kutafuna ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha anamnyooshea kikapu. Akishatafuna kahawa yako humwiti tena mtu baki, na humfukuzi. Elieth aliyajua haya tangu utotoni. Siku ile aliyasahau, au niseme aliona hayahusiki na picha.

Mchana uleule Ma Edvina akajiweka sawa mkekani, akainua uso kuelekea kigoda kilichokuwa wazi mbele yake. "Mpola waitu," akasalimu kwa Kihaya. "Karibu." Akatia punje moja mdomoni. Hana jino hata moja, anaimung'unya tu. Kisha akanyoosha kikapu kwa mikono miwili. Elieth alikuwa amesimama pembeni na simu, anarekodi ili akawaonyeshe wanachuo wake muhula ukifunguliwa. Alikuwa anatabasamu.

Kikapu kilishuka kidogo, kama kinavyoshuka mtu anapotia mkono ndani. Kikapanda tena.

"Mkono wa uzee," Elieth alijiambia, akazima simu.

Jumatatu maharage yaliungua. Ma alikuwa ameketi hatua tatu kutoka jikoni, moshi unampitia usoni, na hakusema neno. Huyu ndiye mwanamke aliyekuwa anajua maziwa ya jirani yamefurika kabla jirani mwenyewe hajajua.

"Ma, husikii harufu?"

"Harufu ya nini?"

Elieth alikwangua sufuria, akaenda kuchota maji kwenye pipa la nyuma, na alipopita katika ujia wa vyumba ndipo alipokutana na harufu nyingine. Nguo zilizokaa sandukuni zikiwa mbichi, na chini yake shombo ya ziwa. Haikuwa imetanda. Ilimpita. Ilikuja mbele yake, ikawa begani, ikawa nyuma, kama mtu aliyepishana naye kwa haraka.

Akasimama pale na ndoo tupu. Akajieleza mwenyewe kwamba mtu akisikiliza habari za mgeni siku mbili mfululizo, pua nayo inaanza kumtafuta. Maelezo yalikuwa mazuri. Maji hakuyafuata tena.

Jumatano Ma alikula ebitoke, ndizi za kupikwa, bila chumvi, akamaliza sahani, akashukuru. Elieth ndiye aliyegundua, alipoonja chake. Alimtilia Ma chumvi kijiko kizima ulimini kumjaribu, na Ma akameza, akauliza kwa upole, "Ni uji?"

Baada ya chakula Elieth alifagia sebule. Chini ya kile kigoda kilichokuwa wazi alikuta makapi ya kahawa. Yalikuwa bado yana mate. Akachutama, akayageuza kwa kijiti cha ufagio, na akaona wazi kabisa alama za meno.

Hakufagia tena. Alitoka nje akasimama juani kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, akampigia mumewe simu. Avit alikuwa afisa ugani, anakaa Muleba siku za kazi.

"Avit, njoo nyumbani."

"Ma anaumwa?"

"Njoo tu."

"Mwalimu, unanitisha."

"Na mimi naogopa," Elieth alisema, na ilikuwa mara ya kwanza Avit kulisikia neno hilo kwa mkewe.

Alikuja Alhamisi asubuhi. Alikuta Ma hasikii. Si kwamba amekuwa kiziwi kabisa, ila maneno yalikuwa yanamfikia kwa mbali, na kengele ya kanisa ilipolia saa sita hakuanza sala ya Malaika wa Bwana, yeye ambaye hakuwahi kuikosa. Walimpeleka zahanati, wakaambiwa masikio ni mazima, labda umri. Wakarudi naye. Avit akampigia katekista, akaja na maji ya baraka, wakasimama wote sebuleni wakisali, na wakati wa Baba Yetu, jua likiwa linaingia dirishani na mlango uko wazi na kuku wanaparua nje kama siku yoyote, kile kigoda kikalia kwa uzito wa mtu anayejiinua, kikaburuzwa sakafuni, kikasogea kuelekea mkeka wa Ma, na koo la mtu likasafishwa, polepole, kama anavyofanya mgeni anayetaka kusema jambo na bado anapanga maneno.

Katekista alimaliza sala kwa haraka. Chupa ya maji ya baraka aliiacha.

"Umesikia?" Avit alinong'ona.

"Nimesikia."

"Ulisema ni picha."

Elieth alipiga magoti karibu na Ma, akaweka mdomo sikioni mwake. "Ma! Bado unamwona?"

"Namwona vizuri sasa." Kikongwe naye alikuwa ananong'ona. "Uso umekaa. Mwana wange, ana macho yangu. Yale yangu ya zamani. Najua macho yangu."

Hapo ndipo Elieth alipoelewa, na alielewa yote kwa mkupuo, kama alivyozoea kuelewa mambo vitabuni. Mgeni alianza kama kitu cha kuonekana tu. Pua ya Ma ilipokwenda, yeye akawa na harufu. Ulimi ulipokwenda, akatafuna. Masikio yanakwenda, naye anapata mlio. Kila Ma anachopungukiwa, yeye anaongezeka. Na aliyemfungulia mlango, akasema apewe kahawa, ni nani?

"Bado ngozi," alimwambia Avit. "Ikienda na ngozi, Ma atabaki humo ndani peke yake, hatujui, hatusikii, hatuhisi. Hai hivyohivyo."

Ijumaa asubuhi Ma aliegemeza kiganja kwenye birika la chai lililotoka motoni. Hakukiondoa. Avit ndiye aliyeliona, akapiga kelele, akalisukuma birika. Ngozi ya kiganja ilikuwa imejikunja. Ma aliuliza kwa nini wanakimbia. Elieth akaleta maji, akakishika kile kiganja na kukimwagia, analia, na mkono ukamshika begani kumtuliza, ukamkaza kwa upole, akaufunika kwa mkono wake na kusema, "Ahsante, baba," na alipoinua macho Avit alikuwa mbele yake, upande wa pili wa Ma, mikono yake yote miwili imeshika beseni.

Saa tano wakasikia mtu anaita kutoka njiani. Alikuwa Sabina, Msukuma anayechuuza samaki wa moshi kutoka kisiwa cha Goziba. Kila Ijumaa huingia hadi sebuleni, anamtania Ma, anakunywa chai. Siku hiyo alikuwa amesimama mbali, kwenye mimea ya mpaka, beseni kichwani.

"Ingia, Sabina," Elieth alisema.

"Siingii, dada. Mna mgeni."

Elieth na Avit wakamfuata alipo. Sabina alitua beseni, lakini macho hayakuondoka mlangoni.

"Unamwona?" Avit aliuliza.

"Simwoni. Nanusa. Kisiwani tunamjua. Wavuvi wakikaa wanatazama maji mchana kutwa, maji yanang'aa mpaka macho yanachoka, wanamwona anatembea. Kanzu, koti. Tunamwacha apite. Hatumsalimii hata kidogo." Akawatazama. "Ninyi mmemsalimia?"

"Tumempa na kahawa," Elieth alisema.

Sabina alijishika kinywa.

"Tumwite nani, Sabina? Niambie wa kumwita, nitamfuata popote."

"Wa kumwita hakuna. Kule alimkamata shemeji yangu, wakaleta waganga wawili, akawacheka. Aliyekula kwako hafukuziki. Anasindikizwa. Aliyemkaribisha ndiye amsindikize, mchana, amshike mkono, ampeleke hadi nje ya mpaka na wasiongee njiani. Akishaaga mwenyewe, kwa mdomo wake, umeachana naye."

"Asipoaga?"

"Asipoaga usirudi naye mle ndani, dada. Utakalolifanya lingine sijui. Hilo tu usilifanye."

"Ma hawezi kutembea mpaka mpakani," Avit alisema.

"Si Ma aliyemkaribisha," Elieth alisema. "Ni mimi."

Avit alikataa. Walibishana palepale kwa sauti za chini, na ubishi uliisha waliposikia kutoka sebuleni Ma anaita, "Kuna mtu? Avit? Kuna mtu hapa?" huku Avit akimjibu kwa kelele na yeye akiendelea kuita.

Elieth aliingia ndani. Alivaa ndala, akatia simu mfukoni kwa mazoea tu. Ma alikuwa mkekani, mkono umefungwa kitambaa. Kigoda kilikuwa kimegusana na mkeka. Elieth alisimama mbele ya kigoda, akanyoosha mkono wa kushoto kwenye hewa. Alitaka kukimbia kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

"Mgeni wetu," akasema, "umekaa vya kutosha. Twende nikusindikize."

Alisubiri. Nzi alikuwa anazunguka beseni. Kisha vidole vikaingia kati ya vidole vyake, na alichokitarajia ni baridi, lakini mkono ule ulikuwa wa vuguvugu, mkavu, wenye mishipa, mkono wa kikongwe, na katikati ya kiganja ngozi ilikuwa imejikunja kwa moto.

Walitoka. Elieth alitazama mbele. Kibanja kile cha migomba si kikubwa, mtu mzima anakivuka kwa dakika tano, lakini siku ile migomba ilikuwa haiishi, na harufu ya nguo mbichi ilikuwa imemkaa shavuni, na majani makavu yalikuwa yanalia chini ya miguu minne wakati yeye alikuwa na miwili, na walipofika kwenye makaburi ya wazee wa ukoo yaliyosakafiwa, sauti ya Avit ikaita nyuma yake, karibu sana, "Mwalimu, rudi, Ma ameanguka," akauma meno akaenda, ikaita tena, "Elieth, hapumui, njoo," na sauti ilikuwa ya Avit hasa, na kilio chake cha kukwama kooni ambacho alikisikia mara moja tu, siku ya kumzika baba yake, na Elieth akaenda huku machozi yanamwingia mdomoni, akijiambia kwamba sikio ni mlango tu, mlango haujui anayebisha ni nani, na kujua hivyo hakukumsaidia kitu.

Mpakani akasimama.

"Tumefika," akasema. "Kwaheri, mgeni."

Vidole havikulegea.

"Kwaheri."

Kutoka nyumbani, ng'ambo ya migomba, ikasikika sauti ya Ma Edvina. Ilikuwa ya ukali. "Avit! Nani ameacha samaki juani? Mnataka watutoe roho kwa kunuka?" Kisha, baada ya kidogo: "Aa! Mkono! Mkono wangu unawaka, mama wee!"

Elieth hakuwahi kufurahia kilio cha mtu kama alivyofurahia kile. Pua imerudi. Ngozi imerudi. Masikio yangefuata. Na sikioni mwake, kwa upande wa kushoto, sauti ya Ma, ileile ya upole aliyoulizia uji, ikamuuliza:

"Na wewe, mwana wange, unakaa wapi?"

Hakuwa anaaga. Alikuwa anauliza njia.

Alisimama pale muda ambao baadaye hakuweza kuukadiria. Nyuma yake kulikuwa na nyumba, na mwanamke wa miaka themanini na mbili anayelia kwa maumivu yake mwenyewe. Mbele kulikuwa na njia ya kwenda barabarani. Kurudi naye hawezi. Kumwacha pale, ule mkono hauachiki, alijaribu.

Alitembea. Alivuka mpaka, akapita maduka ya Nshamba bila kumsalimia mtu, watu wakadhani kuna msiba. Akapata gari ndogo ya kwenda Bukoba, akakaa kiti cha nyuma dirishani, na kiti cha kushoto kwake hakuna aliyekikalia mpaka mjini, ingawa abiria wengine walikuwa wamebanana. Alimtumia Avit ujumbe: *Ameaga. Nimeona nipumzike nyumbani. Baki na Ma.*

Wiki tatu zilipita. Avit alirudi Kahororo na habari njema. Ma alikuwa anakula, anagomba, anasikia kengele. Picha zote zilikuwa zimekwisha, sasa anaona giza tupu, na analishukuru. Avit alimwangalia mkewe akiwa amekonda kidogo, akakuta chakula hakina chumvi, akala bila kulalamika. Alidhani ni uchovu. Mkono wa kushoto Elieth alikuwa amezoea kuuweka kando, amekunja vidole nusu, na Avit aliona haya kuuliza.

Jumapili baada ya misa Ma alipiga simu, jirani akiwa amembonyezea. Elieth aliweka sauti kubwa, simu katikati ya meza, wakaketi wawili.

"Mwana wange Elieth," Ma alisema, sauti imejaa chumba kizima, "kuna jambo linaninyima raha. Yule mgeni, mlipofika mpakani. Aliaga?"

Avit alimgeukia mkewe. Elieth alikuwa ameinamia simu, uso una subira, midomo imefungwa.

"Aliaga, Ma," sauti ya Elieth ikasema. "Aliaga vizuri sana. Usihangaike."

Midomo ilikuwa bado imefungwa. Sauti ilitoka hatua moja kushoto kwake, pale kwenye kiti kisicho na mtu.

"Mungu ashukuriwe," Ma alisema, akaanza kulia kwa furaha. "Mungu ashukuriwe, mwana wange."

Elieth aliinua uso, akamtazama mumewe. Aligonga simu kwa kidole, akaisogeza sikioni, akatikisa kichwa.

"Mtandao mbovu leo," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi. "Simsikii kabisa."